Kesi ya Ulemavu Isiyofuatwa: Kwa Nini Inakufa Kabla Hakimu Hajaisikiliza



Katika makanisa yetu, toka Butembo hadi Beni, tuna watu waliopata ulemavu kazini, barabarani ao katika vita. Wengine wana haki ya kulipwa, na kati yao wako waliokwisha kupeleka haki hiyo mbele ya tribinali. Kisha, baada ya mwaka mmoja ao mitatu, tunasikia neno fupi: “Kesi imefungwa.” Jamaa wanafikiri hakimu amesema kwamba mgonjwa hana haki. Mara nyingi sivyo. Hakimu hakusema lolote juu ya mguu uliokatwa ao jicho lililopotea. Kesi ilifungwa kwa sababu jina liliitwa na hakuna mtu aliyeitika.

Jambo hili halijulikani sana katika makusanyiko yetu, na kwa kutolijua watu wanapoteza kitu ambacho wangeweza kukilinda. Ndiyo sababu tunataka kulieleza hatua kwa hatua.

Pesa ya ulemavu inatoka wapi?

Kuna milango mitatu mikubwa, na ni vizuri kujua mgonjwa wetu amesimama mbele ya mlango gani.

Mlango wa kwanza ni kazi. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini anasimamiwa na CNSS, ile ambayo wazee wetu wangali wanaiita INSS. Mpango huo ulianza na amri ya 29 Juni 1961, na leo unaongozwa na sheria namba 16/009 ya 15 Julai 2016. Kila mwezi mwajiri anapaswa kulipa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazi, na pesa hiyo haikatwi kwa mfanyakazi. Mfanyakazi akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anapima kiasi cha ulemavu huo kwa asilimia. Kama ni mdogo, analipwa mara moja tu. Kama ni mkubwa, anapata malipo yanayoendelea. Wafanyakazi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP.

Mlango wa pili ni kosa la mtu mwingine. Kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai, kilichoandikwa tangu 1888, kinasema kwa maana yake kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Dereva wa pikipiki aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Butembo na Beni yuko hapa. Toka sheria ya 5 Januari 1973, kila gari linapaswa kuwa na asiransi ya kulipa watu linaowaumiza.

Mlango wa tatu ni vita. Sheria ya 26 Desemba 2022 inahusu ulinzi na malipo kwa waliotendewa ubakaji wa vita na makosa makubwa mengine dhidi ya ubinadamu, nayo ndiyo inayosimamisha mfuko wa FONAREV. Upo pia mfuko wa FRIVAO, kwa walioumizwa wakati jeshi la Uganda lilipokuwa katika inchi yetu.

Zaidi ya hayo, kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee. Kongo iliingia katika mkataba wa kimataifa wa haki za walemavu mwaka 2015, na kifungu cha 13 cha mkataba huo kinataka tribinali zimwekee mlemavu njia ya kufikia haki sawa na wengine. Mnamo 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kulinda walemavu. Maandiko hayo ni mazuri. Lakini hayamaanishi kwamba kila mlemavu anapokea pesa kila mwezi. Mara nyingi lazima mtu aombe, athibitishe, na kama amekataliwa, ashitaki.

Namna kesi inavyokufa

Watu wengi wanafikiri kwamba ukishapeleka mashitaka, hakimu ataendelea peke yake mpaka mwisho. Katika kesi ya madai haiko hivyo. Hakimu hatoki kutafuta mashahidi, wala hatumi mtu nyumbani kwako kuuliza kwa nini hukuja. Kesi ni kama mtumbwi: mwenye kuingia ndani ndiye anayepiga kasia. Akiacha, mtumbwi unasimama.

Mwenye kushitaki asipofika siku aliyoweka yeye mwenyewe katika mashitaka, anayeshitakiwa anaweza kuomba kitu ambacho katika karatasi za Kifaransa kinaitwa “défaut-congé”. Maana yake: kwa kuwa mwenye kesi hayupo, mshitakiwa aruhusiwe kwenda nyumbani. Hakimu akikubali, shauri linazimika, na hakuna neno linalosemwa juu ya haki yenyewe. Hakuna aliyeshinda kwa ushuhuda. Lakini mlemavu anarudi mwanzo: mashitaka mapya, malipo mapya ya tribinali, safari mpya.

Njia nyingine ni kesi kuondolewa katika orodha ya tribinali kwa sababu pande zote zimenyamaza muda mrefu. Kwenye karatasi unaweza kukuta neno “radiée”. Hapo dosie inabaki kwenye rafu, ila haiitwi tena mpaka mtu aombe irudishwe.

Jambo la hatari zaidi ni wakati. Kila haki ina muda wake wa kudai. Kwa sheria yetu ya kazi ya 16 Oktoba 2002, madai yanayotokana na mkataba wa kazi yanapotea baada ya miaka 3 toka jambo lilipotokea, na madai ya mshahara baada ya mwaka 1. Tuseme mtu alianguka toka juu ya nyumba aliyokuwa akijenga. Mwaka wa kwanza alikuwa hospitali. Mwaka wa pili alishitaki. Mwaka wa nne kesi ikazimika kwa sababu hakufika. Anaporudi kuanza upya, anaweza kuambiwa kwamba saa imekwisha. Hapo kufungwa kwa kesi, ambako kwenye karatasi hakukugusa haki yake, kumeizika kabisa.

Tukumbuke pia kwamba kesi ya mfanyakazi na mwajiri haianzii tribinali. Inaanzia kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kupatanisha pande mbili. Wasipopatana anaandika karatasi ya kuonyesha hivyo, na bila karatasi hiyo tribinali haipokei mashitaka. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanashangaa.

Kwa nini hawaitiki

Tusiseme haraka kwamba ni uvivu. Mtu asiye na miguu anaitwa saa tatu asubuhi. Anapaswa kulipa pikipiki ya kwenda na kurudi, na mtu wa kumbeba. Anafika, anaambiwa kesi imesogezwa juma mbili mbele. Safari ya tatu pesa imekwisha. Anayeshitakiwa, kama ana kampuni na avoka wa kudumu, anaweza kuomba kusogezwa mara nyingi bila kuumia. Huyu wa kwanza anachoka, na uchovu wake unaandikwa kama kutokuwapo.

Kwetu kuna mzigo mwingine. Toka Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamehamisha watu mara nyingi. Mtu aliyeshitaki akiwa Oicha ao Mangina leo analala kwa jamaa katika komine ya Bulengera huko Butembo. Barua ya tribinali inapelekwa kwenye nyumba ambayo hakuna mtu. Toka 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai zilipelekwa kwa tribinali za kijeshi. Jamaa wengi hawakujua tena waulize wapi. Kisha, Januari 2025, Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Makao ya mahakama ya rufaa ya jimbo yalikuwa Goma. Mtu wa Butembo aliyekuwa na dosie ya rufaa huko alijikuta upande mmoja wa mstari wa vita, na karatasi zake upande mwingine.

Si kwetu peke yake

Shida hii iko pia katika inchi zenye amani, na inafaa kuona wengine wanavyoifanya. Kenya ina kanuni za mwaka 2010: kesi ikikaa mwaka mmoja bila hatua, mahakama inaweza kumwita mwenye kesi aeleze kwa nini isifutwe. Na katika shauri la Ivita na Kyumbu la mwaka 1984, mahakama yao iliweka maswali mawili. Je, kuchelewa ni kwa muda mrefu na bila sababu ya kutosha? Na hata kama ni hivyo, je, haki bado inaweza kutendeka? Maswali hayo yanampa mgonjwa nafasi ya kusema: nilikuwa hospitali, nilikimbia vita. Lakini lazima aje kuyajibu.

Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamepelekwa kama wakimbizi, ni wakali zaidi. Anayekataliwa pesa ya ulemavu kwa mara ya mwisho na ofisi yao ana siku 60 za kwenda mahakamani. Na akishafika huko, kunyamaza kunaweza kufunga kesi kana kwamba ameshindwa kabisa. Mfano unaojulikana ni wa William Link, aliyeumia gari lake lilipogongana na treni ya kampuni ya reli ya Wabash. Alishitaki mwaka 1954. Miaka 6 baadaye, mnamo Oktoba 1960, avoka wake hakufika kwenye kikao kimoja kwa sababu alikuwa na kazi ya mahakama nyingine. Hakimu akafunga kesi. Mwaka 1962 mahakama ya juu kabisa ya inchi hiyo ilikubali: mteja anabeba kosa la avoka aliyemchagua. Basi, kuwa na avoka si sababu ya kulala.

Kesi iliyofuatwa mpaka mwisho

Tunao pia mfano wa kuvumilia, na unatuhusu sisi wenyewe. Mnamo 23 Juni 1999 Kongo iliishitaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye. Hukumu juu ya makosa ilitoka 19 Desemba 2005. Mahakama iliziomba pande mbili zipatane juu ya malipo. Hazikupatana, na mwaka 2015 Kongo ilirudi mahakamani. Mnamo 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, ambazo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu, kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka.

Kesi hiyo ilichukua karibu miaka 23. Kama Kongo ingeacha mwaka 2010, isingepata hata franga moja. Lakini iko na somo la pili. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama iliona kwamba kwa madai mengi uthibitisho haukutosha. Karatasi za hospitali, majina, tarehe, picha za nyumba zilizoungua, vyote vilikuwa vimepotea ao havikukusanywa. Kama serikali nzima yenye maavoka inaweza kupungukiwa na ushahidi, tufikirie mama mmoja wa Mutwanga aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni.

Mtu wa kando ya birika

Injili ya Yohana, sura ya 5, inatueleza juu ya mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha. Alikuwa mahali panapofaa. Alijua wakati maji yanapotibuliwa. Alipoulizwa kama anataka kupona, hakulalamika juu ya maji wala juu ya ugonjwa. Alisema hana mtu wa kumtia ndani, na kwamba kila akijaribu, mwingine anamtangulia.

Hiyo ndiyo hali ya kesi nyingi tulizozieleza. Haki iko, tribinali iko, tarehe iko. Mtu ndiye hayuko. Sisi hatuwezi kubadilisha sheria ya inchi kwa siku moja, lakini kila kanisa linaweza kumpa mlemavu wake mtu.

Kanisa linaweza kufanya nini?

Kwanza, idara ya diakonia ifungue daftari moja. Kwa kila ndugu mwenye kesi iandikwe: namba ya kesi, jina la tribinali, tarehe inayofuata, jina na simu ya avoka. Daftari hilo lisomwe kila mwezi katika kikao cha wazee. Ni mambo ya siri ya mtu, basi lisiachwe mezani.

Pili, achaguliwe mtu mmoja wa kumsindikiza. Huyo si avoka na hawezi kusema mahali pake mbele ya hakimu. Lakini anaweza kwenda kwenye grefe kuuliza tarehe, kumkumbusha avoka, kusukuma kiti cha magurudumu, na kulipa pikipiki kwa sadaka ya diakonia.

Tatu, akihama, tribinali na avoka wajulishwe kwa barua mahali anapoishi sasa. Na akijua kwamba hataweza kufika, aombe mapema kwa maandishi kusogezewa siku, pamoja na karatasi ya daktari. Kila barua iwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ni vigumu kuonyesha kwamba uliandika.

Nne, zitunzwe nakala za karatasi zote: cheti cha daktari, ripoti ya polisi, karatasi za mshahara, picha. Nakala moja nyumbani, moja kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine, na picha zake katika simu. Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Mashahidi waliofanya kazi pamoja naye wana thamani, basi majina yao yaandikwe leo.

Tano, asiye na uwezo aombe hati ya umaskini katika ofisi za serikali, kisha aiombe tribinali imwondolee malipo ya mwanzo. Chama cha maavoka kina ofisi ya mashauri ya bure, iliyowekwa na sheria ya 28 Septemba 1979. Kama kuna avoka wa kulipwa, mapatano yaandikwe na kila franga ipate risiti.

Sita, tukisikia kwamba kesi imefungwa, tusingoje. Juma lile lile tuombe nakala ya hukumu na tuulize: Imefungwa kwa neno gani? Imefikishwa rasmi kwa nani na lini? Inaweza kurudishwa, kukatiwa rufaa ao kuanzwa upya? Katika kesi za madai muda wa kawaida wa rufaa ni siku 30 toka hukumu ilipofikishwa. Mwezi mmoja unapita haraka kwa mtu aliye kitandani.

Neno kwa waajiri

Kati yetu wako waajiri: wenye maduka, wenye malori, wakubwa wa shule na wa hospitali. Kanisa lenyewe ni mwajiri. Mlinzi wa usiku, mpishi wa kituo, dereva, fundi wa paa: je, ameandikishwa CNSS, na je, pesa inalipwa kila mwezi? Kama hapana, siku atakapoanguka tutakuwa upande wa pili wa meza, tukitumaini kwamba atachoka.

Sheria inamruhusu mshitakiwa kuomba kuachiliwa mwenye kesi asipokuja. Mkristo anayejua kwamba mwenzake hakuja kwa sababu hawezi kutembea, na kwamba aliumia akimfanyia kazi, ameachiliwa na tribinali tu. Deni bado liko, na anaweza kulilipa bila kungoja kuitwa.

Jumapili hii, baada ya ibada, wazee na mashemasi waulize swali moja: ni nani kati yetu ana kesi ya ulemavu, na tarehe yake ni lini? Jibu liandikwe katika daftari, na karibu nalo jina la atakayekwenda pamoja naye.